Tarakimu Isiyoweza Kushuka: Kulisoma Jedwali la 3P

Mwaka 1975 kampuni ya 3M, yenye makao makuu Maplewood, kitongoji kinachopakana na jiji la Saint Paul, ilifungua daftari la mambo ambayo hayakutokea. Mpango wenyewe uliitwa 3P, kifupisho cha maneno matatu ya Kiingereza yanayoanza kwa herufi moja na kudai kwamba kuzuia uchafuzi kunalipa. Kila mradi uliokubaliwa uliingizwa kwa tarakimu mbili: uzito wa taka ambazo hazikuzalishwa, kwa pauni, na fedha ambazo hazikutumika, kwa dola. Tarakimu hizo zilijumlishwa mwaka hadi mwaka, na miaka 30 ya kwanza ilipotimia jumla ilikuwa imezidi pauni bilioni 2.5 upande mmoja na dola bilioni 1 upande wa pili. Wapo waliousoma mpango huu kama ushahidi na wapo waliousoma kama tangazo la biashara, na pande zote mbili zimeusoma kwa haraka. Napendekeza tuusome kama utungo: tuulize umepangwaje, nani anasema ndani yake, kwa wakati gani wa kitenzi, na umbo lake linaruhusu na kukataza nini.

Aliyeutunga ni Joseph Ling, mhandisi mzaliwa wa China aliyepata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Minnesota mwaka 1952 na kujiunga na 3M mwaka 1960. Alifanya kazi katika kipindi ambacho sheria za shirikisho, ya hewa ya mwaka 1970 na ya maji ya mwaka 1972, zilikuwa zimevilazimisha viwanda kufunga mitambo ya kusafisha kwenye ncha ya bomba. Hoja ya Ling, aliyoitetea kwa miaka mingi, ni kwamba usafishaji wa namna hiyo huuhamisha uchafu bila kuumaliza. Moshi ukichujwa huacha tope, tope likichomwa huwa moshi, na kila uhamisho hudai umeme na kemikali zenye uchafu wake mahali pengine. Tiba ilikuwa kurudi kwenye chanzo: kubadili viambato vya bidhaa, kubadili mchakato, kuisanifu upya mitambo, au kuyarudisha masalio kazini. Hoja hiyo ilisafiri mbali, hadi kongamano la Tume ya Uchumi ya Umoja wa Mataifa kwa Ulaya lililofanyika Paris mwaka 1976, na mwaka 1990 Marekani ikaipa kauli ya namna hiyo nguvu ya sheria ya shirikisho.

Hayo ni maudhui. Kinachonishughulisha ni fani, kwa kuwa tatizo la kifani lililomkabili Ling lilikuwa gumu kuliko la kiufundi. Bomba la moshi linaweza kuwekewa kipimo na mto unaweza kuchotwa sampuli, lakini taka isiyozalishwa haina harufu wala uzito, na hakuna mkaguzi awezaye kuikuta imesimama mahali. Ili iandikwe ni lazima kwanza iwazwe kama sentensi ya -ngali-: kiwanda kingaliendelea kama jana, tani hizi zingalitoka. Nyuma ya kila pauni iliyo katika jedwali la 3P kuna kitenzi cha namna hiyo, kilichofutwa baada ya kazi yake kwisha, na mbele ya msomaji imebaki nomino iliyotulia yenye namba kando yake. Hiyo ndiyo mbinu kuu ya utungo huu, na lazima isemwe tangu mwanzo kwamba ni mbinu ya kisanii, kwa maana ile ile ambayo mhakiki wa riwaya anaposema mbinu hamaanishi udanganyifu. Pasipo mbinu hiyo, kazi ya mfanyakazi aliyebadili kiyeyushi kimoja isingeweza kuonekana na mtu yeyote nje ya karakana yake.

Kizio cha utungo ni mradi. Wafanyakazi waliupendekeza wenyewe, kwa hiari, na kamati iliyowaleta pamoja watu wa uhandisi, uzalishaji, maabara na idara ya mazingira ikaamua kama unastahili. Masharti yalikuwa manne: mradi uwe umeondoa au kupunguza kichafuzi, uwe umenufaisha mazingira kwa kupunguza matumizi ya nishati au ya malighafi, uonyeshe ubunifu wa kiufundi, na ulete faida ya fedha, iwe kwa kupunguza gharama za uendeshaji, kwa kuepuka au kuahirisha ununuzi wa mitambo ya kudhibiti uchafuzi, au kwa kuongeza mauzo. Yanafanya kazi kama arudhi. Kama vile ubeti wa shairi la kimapokeo unavyotakiwa kujitosheleza, hoja yake ikianzia na kuishia ndani yake, mradi wa 3P nao hufunguliwa na kufungwa peke yake, na hakuna mradi unaokamilisha sentensi iliyoanzwa na mwingine. Utoshelezi huo una faida iliyo dhahiri. Unaipa kamati kitu cha ukubwa wa kuamulika, na unampa mfanyakazi wa ngazi ya chini jina na heshima katika kampuni kubwa. Gharama yake haionekani mapema: jedwali zima linakosa msuko. Huwezi kuchagua kemikali moja ukaifuata kutoka mradi hadi mradi, ukajua ilikoingia na ilikotokea, kwa sababu jedwali halikuundwa kufuata vitu. Limeundwa kuhesabu matukio.

Tusogee karibu zaidi, kwa mradi ambao maandiko ya taaluma hii yameutumia mara nyingi hata ukawa kama mfano wa kufundishia. Katika kitengo cha dawa cha 3M kilichokuwa Northridge, California, tembe zilikuwa zikipakwa utando wa nje kwa kutumia kiyeyushi cha kikaboni, ambacho hukauka kwa kuruka hewani. Wataalamu wakaunda utando unaotumia maji. Mabadiliko yaligharimu dola 60,000. Yaliondoa takriban tani 24 za uchafuzi wa hewa kwa mwaka, yakaokoa dola 15,000 za kununua kiyeyushi kila mwaka, na yakafanya mtambo wa kudhibiti uchafuzi wa thamani ya dola 180,000 usihitajike tena.

Tazama jinsi namba hizi nne zinavyotofautiana kwa asili ingawa zimesimama katika mstari mmoja. Dola 60,000 zilitoka mfukoni. Dola 15,000 zilibaki mfukoni, nazo zingeweza kuhakikiwa kwa kulinganisha ankara za mwaka huu na za mwaka jana. Tani 24 ni makisio yenye mguu mmoja katika vipimo na mwingine katika -ngali-. Dola 180,000 ndiyo namba ya kushangaza kuliko zote, kwa sababu ni bei ya kitu ambacho hakikuwahi kuwepo, na ambacho hakuna mtu ndani ya kampuni aliyekitaka. Itoe katika hesabu, na ubunifu huu unarudisha gharama zake baada ya miaka minne, muda unaotosha kumfanya meneja mwenye haraka asiidhinishe chochote. Irudishe, na gharama imelipwa mara tatu kabla ya tembe ya kwanza kukauka.

Ni nani basi aliyeiandika dola 180,000? Mhandisi hakuiandika. Thamani hiyo ipo kwa sababu tu kanuni za hewa zingekilazimisha kiwanda kununua mtambo. Kusingekuwa na kanuni, kuepuka mtambo kusingeokoa hata senti. Sheria, kwa hiyo, ni mtunzi mwenza wa jedwali la 3P ambaye jina lake halimo kwenye jalada. Jambo hili huwaponyoka wote wanaoutaja mpango huu kama uthibitisho kwamba viwanda hujirekebisha vyenyewe vikiachwa huru. Safu ya dola, ambayo wangependa kuitegemea, imejaa kivuli cha mamlaka wanayotaka iondoke. Kwa upande wangu naona safu hii ndiyo iliyosanifiwa kwa ustadi mkubwa kuliko zote katika utungo wa Ling, kwa kuwa inaigeuza amri iliyochukiwa kuwa akiba inayosherehekewa, bila kubadili hata neno moja la amri yenyewe.

Kuna kishazi kimoja kidogo ambacho huambatana na jumla za 3P karibu kila zinapochapishwa, nacho ni kwamba tarakimu zinahesabu mwaka wa kwanza tu wa kila mradi. Kwa mtazamo wa balagha, kishazi hicho ni cha unyenyekevu. Kinamwambia msomaji kwamba anayoambiwa ni machache kuliko yaliyopo, kisha kinamwacha azidishe mwenyewe kichwani: kama mwaka mmoja ni tani 24, miaka kumi je? Msomaji anayefanya hesabu hiyo kwa hiari yake huiamini kuliko ambavyo angeiamini kama angetangaziwa. Hata mhasibu anaridhika, kwa kuwa makisio ya mwaka wa kwanza yako karibu na vipimo, ilhali ya mwaka wa kumi ni ramli.

Hata hivyo, kishazi hichohicho hufunga mlango. Ukishaandika mwaka wa kwanza, mwaka wa pili hauulizwi kamwe. Mradi ulioachwa baada ya miezi kumi na minne na mradi uliodumu miaka ishirini ina urefu sawa katika jedwali. Kiwanda kilichopunguza taka kwa kila kilo ya bidhaa, kisha kikaongeza uzalishaji mara tatu, kinaweza kumwaga mtoni zaidi ya zamani huku mstari wake ukiwa safi. Katika ushairi tungesema kila ubeti unakatwa kabla ya kituo chake. Anayesikiliza anapata mwanzo mwingi wenye matumaini, na hapewi mwisho hata mmoja.

Umbo hili linaeleweka vizuri zaidi likiwekwa kando ya kipimo kingine kilichozaliwa katika nyumba hiyohiyo. 3M ina desturi ya zamani na mashuhuri ya kupima ubunifu wake kwa kuuliza ni sehemu gani ya mauzo ya mwaka inatokana na bidhaa changa. Kwa miaka mingi lengo lilikuwa asilimia 25 kutoka kwa bidhaa zenye umri usiozidi miaka mitano. Katika miaka ya 1990 likapandishwa kuwa asilimia 30, na umri ukashushwa hadi miaka minne. Kipimo hiki ni kikatili kwa namna ninayoiheshimu. Kila bidhaa huzeeka na kutoka ndani ya hesabu, kwa hiyo kampuni haiwezi kuishi kwa sifa za jana. Isipovumbua, namba inashuka yenyewe bila mtu kuigusa. Na imewahi kushuka. Kufikia mwaka 2005 ilikuwa imeporomoka hadi takriban asilimia 21, na mjadala mrefu ukazuka kuhusu kama nidhamu ya gharama ya mfumo wa Six Sigma, iliyoshika kasi miaka iliyotangulia, ilikuwa imewabana wavumbuzi pumzi.

Jumla ya 3P haina uwezo huo. Ni limbiko, na limbiko lina mwelekeo mmoja. Pauni iliyozuiwa mwaka 1976 imo ndani ya jumla ya mwaka 2005, haijazeeka wala haijafa, na mwaka mbaya kuliko yote unaweza tu kuifanya jumla ipande polepole zaidi. Kama lugha, tungesema ina wakati timilifu lakini haina ukanushi: inaweza kusema tumezuia, wala hakuna mahali katika sarufi yake pa kusema hatukuzuia. Kwamba watu walewale, chini ya paa moja, walibuni kipimo kinachoweza kuwaaibisha kwa ajili ya bidhaa na kipimo kisichoweza kuwaaibisha kwa ajili ya taka, ni jambo ambalo mhakiki hawezi kulipita akinyamaza, ingawa sioni haja ya kutafuta njama ndani yake. Kipimo cha kwanza kiliandikwa kwa ajili ya wakurugenzi. Cha pili kiliandikwa ili kumtia moyo mfanyakazi, na zawadi haidaiwi irudishwe.

Wala si kweli kwamba fani isingeweza kuwa tofauti. Katika Chuo Kikuu cha Minnesota kuna mpango wa msaada wa kiufundi uitwao MnTAP, ulioanza mwaka 1984, ambao huwapeleka wanafunzi viwandani wakati wa kiangazi kutafuta njia za kupunguza maji, nishati na kemikali. Kwa nasaba, ripoti zao fupi ni wajukuu wa 3P: zina safu ya kinachopunguzwa na safu ya dola, kwa mwaka. Zimeongeza safu moja tu, ya hali ya kila pendekezo, ambamo huandikwa kama limetekelezwa, limepangwa, linaendelea, au halikupendekezwa. Safu hiyo ya maneno machache ina thamani kuliko urembo wote wa majalada ya ripoti za makampuni. Pendekezo lililokataliwa linabaki kwenye ukurasa, na namba yake inabaki mbele yake bila kutimia. Msomaji anajifunza kutoka kwa lililoshindikana sawasawa na lililofaulu. Huwa nazisoma ripoti hizi kwa raha isiyo na uwiano na umuhimu wa mada zake, ambazo mara nyingi ni maji ya kuoshea mashine.

Jedwali la tatu liko Saint Paul kwenyewe, katika Idara ya Afya ya Minnesota, na ili lisomeke linahitaji historia kidogo. Tangu miaka ya mwanzo ya 1950, kiwanda cha 3M huko Cottage Grove, kando ya Mississippi, kilitengeneza kemikali za floro za jamii inayojulikana leo kama PFAS, zile zinazoitwa kemikali za milele kwa kuwa haziozi. Taka zake zilitupwa katika madampo ya mashariki mwa jiji: Oakdale, Woodbury, Cottage Grove, Lake Elmo. Kutoka makao makuu ya 3M hadi Oakdale ni mwendo wa dakika chache kwa gari ukifuata barabara kuu ya I-94. Kemikali zilishuka ardhini na kuingia katika maji ya visima, na eneo lililoathirika likaja kukadiriwa kuwa zaidi ya maili za mraba 150, lenye watu zaidi ya 140,000 wanaotegemea maji hayo. Jimbo lilifungua kesi mwaka 2010, na tarehe 20 Februari 2018, siku ambayo usikilizaji ulikuwa uanze, 3M ilikubali kulipa dola milioni 850 bila kukiri kosa.

Idara ya Afya ilipewa kazi ya kusema ni kiasi gani cha kemikali hizi mtu anaweza kunywa bila kudhurika. Majibu yake kwa PFOS, mojawapo ya kemikali mashuhuri za jamii hiyo, yakipangwa kwa mfuatano, yanaunda utungo wa pekee. Mwaka 2002: nanogramu 1,000 kwa lita. Mwaka 2007: 300. Mwaka 2017: 27. Mwaka 2019: 15. Mwaka 2024: 2.3. Kwa ndugu yake PFOA, kiwango cha mwaka 2017 kilikuwa 35 na cha mwaka 2024 ni 0.0079, kiasi ambacho maabara haziwezi hata kukiona. Namba imelipita jicho lililotakiwa kuithibitisha.

Hili ni jedwali linaloshuka, na kila mstari wake unaukanusha uliotangulia. Aliyekunywa maji yenye nanogramu 200 mwaka 2008 aliambiwa yako ndani ya mwongozo. Mstari wa mwaka 2017 unamwambia, kwa sauti ileile ya kiserikali, kwamba hayakuwa salama kama alivyodhani. Ni utungo unaojifuta mbele ya wasomaji wake, jambo linaloigharimu idara imani ya umma kila mara, na ambalo ndilo linaloufanya uwe na maendeleo ndani yake kwa maana kamili ya neno hilo. Mbinu iliyoleta mshuko ule mkubwa wa mwaka 2017 ni ya mtazamo. Kabla yake, mhusika aliyekuwa kitovu cha hesabu alikuwa mnywaji wa kawaida. Mwaka 2017 idara iliingiza kielelezo kinachozingatia kemikali inayopita kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto kupitia kondo la nyuma na kupitia maziwa, na papo hapo mtoto anayenyonya akawa ndiye ambaye matini nzima inamtazama. Katika 3P msimulizi ni mhandisi, na wakati wa hadithi ni miezi kumi na miwili ya mradi wake. Katika jedwali la Saint Paul kitovu ni mtu ambaye hakuwa amezaliwa taka zilipotupwa, na wakati wa hadithi unapita kutoka mwili mmoja hadi mwingine.

Tofauti ya vizio inaimarisha tofauti hiyo ya mtazamo. Pauni ni kizio cha mizani ya ghalani: kinapendelea vitu vizito vinavyotoka kwa wingi, kama viyeyushi, tope na mabaki ya karatasi, na kwa vitu hivyo kimefanya kazi njema. Chukua sasa pauni moja tu ya PFOS, gramu 453.6, na kiwango cha nanogramu 4 kwa lita ambacho Shirika la Mazingira la Marekani lilikiweka mwezi Aprili 2024. Pauni hiyo moja inatosha kuzifikisha lita bilioni 113 kwenye kikomo. Mji wa Oakdale una watu takriban 28,000. Tukikadiria lita 300 kwa kila mtu kwa siku, wangechukua karibu miaka 37 kuyamaliza maji hayo. Katika jedwali la 3P pauni hiyo ingekuwa sehemu moja ya bilioni 2.5, chini ya kosa la kukadiria katika mradi mdogo kuliko yote. Kizio hakikudanganya, kimesema ukweli kuhusu uzito mahali ambapo uzito hauna maana.

Kwa sababu hiyo siwezi kukubaliana na msomaji anayelitupa jedwali la Maplewood zima kwa kuwa maji ya Oakdale yalichafuka. Tani 24 za Northridge hazikuruka hewani, na wafanyakazi waliopumua hewa ya chumba kile walipumua nyingine. Mradi kwa mradi, beti za utungo huu zinasimama. Nisiyekubaliana naye zaidi ni yule anayeinukuu jumla kama kipimo cha athari za kampuni kwa mazingira, kazi ambayo jedwali lenyewe, kwa kishazi chake kidogo cha mwaka wa kwanza, halikuwahi kudai.

Suala hili si la Minnesota peke yake, na msomaji wa Afrika Mashariki analo karibu kuliko anavyofikiri. Kituo cha Uzalishaji Safi cha Tanzania kilianza mwaka 1995, cha Kenya mwaka 2000, na cha Uganda mwaka 2001, vyote chini ya mkabala ulioenezwa na mashirika ya Umoja wa Mataifa, UNEP na UNIDO: ingia kiwandani, tafuta chanzo cha hasara, kibadilishe, kisha hesabu maji, umeme, malighafi na fedha zilizookolewa. Damu ya 3P inapita humo. Wataalamu wa vituo hivyo wamerithi umbo lililokomaa, lenye uwezo wa kumshawishi mwenye kiwanda asiyependa kusikia neno mazingira, na pamoja nalo wamerithi ukimya wake. Ningewaomba waongeze mambo matatu wanapoandaa ripoti zijazo: safu ya hali kama ile ya MnTAP, safu inayouliza kiambato kilichoondolewa kimebadilishwa na nini, na nani anakifuata hicho kipya, na jumla inayohesabu miradi iliyo hai tu, ili mwaka ukiwa mbaya namba ishuke.

Kuna jambo moja la mwisho linaloonyesha mpaka wa umbo hili kuliko mengine. Tarehe 16 Mei 2000, 3M ilitangaza kwamba itaacha kutengeneza PFOS na kemikali za kundi lake, zilizochangia takriban asilimia 2 ya mauzo yake. Mwezi Desemba 2022 ikatangaza kuacha utengenezaji wa PFAS zote kufikia mwisho wa mwaka 2025. Kwa afya ya watu, hakuna mradi wa utando wa tembe unaoukaribia uamuzi wa mwaka 2000. Lakini haukuwa na ubunifu wa kiufundi, ulipunguza mauzo badala ya kuyaongeza, na haukuokoa fedha katika mwaka wake wa kwanza. Kwa masharti manne ya mwaka 1975, usingestahili hata kupelekwa mbele ya kamati.